Kompyuta Mbili, Sanduku Moja la Barua

Njia ya haraka ya kuharibu barua pepe za miaka kumi ni kuziweka kwenye folda inayotumiwa na kompyuta mbili, kisha kuzifungua kote kuwili kwa wakati mmoja. Wengi huingia katika njia hiyo kwa nia njema kabisa. Sebuleni kuna kompyuta ya mezani, chumbani kuna mpakato, zote zimeunganishwa na ruta moja. Picha zinafunguka huku na huku, printa inapokea kazi kutoka pande zote, filamu hazina shida. Kwa nini barua ziwe na shida? Basi mtu anaielekeza programu ya barua ya kila kompyuta kwenye folda ile ile, anajaribu, mambo yanakubali. Baada ya siku kadhaa barua zinaanza kuonekana vipande vipande: kichwa ni cha taarifa ya benki, ndani ni maneno ya shemeji.

Kosa halipo kwenye nyaya wala kwenye Wi-Fi. Lipo katika jinsi barua zinavyolala kwenye diski.

Picha huandikwa mara moja, halafu husomwa tu. Sanduku la barua haliishi kuandikwa. Thunderbird na programu nyingine kadhaa, kwa kawaida, haziipi kila barua faili lake. Huiandika folda nzima katika faili moja refu la maandishi, kwa muundo uitwao mbox, ambao asili yake ni mifumo ya Unix. Barua mpya ikifika hubandikwa mwishoni. Kinachoitenga barua moja na nyingine ni mstari unaoanza na neno From na nafasi tupu baada yake. Basi. Faili hilo linaweza kufikia gigabaiti kadhaa, na kulisoma lote kila unapotafuta barua moja kungechukua muda mrefu, kwa hiyo programu hujitengenezea faharasa ya pembeni: barua fulani inaanzia kwenye baiti fulani, imekwishasomwa, ina kiambatisho.

Sasa futa barua moja. Inatoweka kwenye skrini, lakini ndani ya faili bado ipo. Imewekewa alama tu kwamba imefutwa. Nafasi yake hurudi pale programu inapolibana faili, yaani inapoliandika upya ikiruka zilizofutwa. Hapo kila barua iliyokuwa nyuma ya iliyofutwa inasogea mbele. Kompyuta iliyofanya kazi hiyo inajua, maana imerekebisha faharasa yake. Ile ya chumbani, iliyofunguliwa tangu asubuhi, haijui lolote. Inakwenda kwenye baiti iliyoizoea ikitarajia kukuta mwanzo wa barua, inaangukia katikati ya kiambatisho cha mtu mwingine. Programu makini itashtuka na kuijenga faharasa upya. Isiyo makini itaandika alama zake hapo hapo, juu ya maneno ya wenyewe.

Na hata pasipo kubana, kuna hatari ya kawaida zaidi. Kompyuta zote mbili zinasoma mwisho wa faili ulipo, zote mbili zinapokea barua mpya, zote mbili zinaandika palepale. Anayechelewa kuandika ndiye anayebaki. Barua ya mwenzake imefunikwa, na hakuna ujumbe wowote wa hitilafu unaotokea. Tatizo hili lina umri mkubwa kuliko barua pepe ya mtandaoni. Mholanzi Edsger Dijkstra alichapisha suluhisho lake mwaka 1965, miaka sita kabla Ray Tomlinson hajatuma barua pepe ya kwanza ya kompyuta kwa kompyuta kwenye mtandao wa ARPANET. Hoja ya Dijkstra ilikuwa kwamba kazi zinazogusa kitu kimoja lazima zipokezane zamu, na zamu hiyo lazima ilindwe.

Ulinzi wenyewe huitwa kufuli. Ndani ya kompyuta moja kazi hiyo ni rahisi, kwa sababu mfumo endeshi unaona nani ameshika faili na unaweza kumzuia mwingine. Mambo hubadilika faili likiwa kwenye kompyuta nyingine. Sun Microsystems ilipoleta NFS, mfumo wa kushirikiana mafaili kupitia mtandao, katikati ya miaka ya 1980, kufuli lilishughulikiwa na huduma ya pembeni, na mafundi wa mifumo walijifunza kutoliamini sana. Aliyeshika kufuli akikatikiwa umeme, lifanyweje? Likiachwa, wote wanasubiri milele. Likivunjwa, huenda mwenyewe hakuzimika, ruta tu ndiyo iliyozubaa, na akirudi ataendelea kuandika akidhani zamu bado ni yake.

Ndiyo maana Thunderbird huweka faili dogo la kufuli ndani ya folda ya wasifu wake, ili nakala ya pili ya programu isifunguke juu ya ile ya kwanza. Ukiambiwa na mjuaji wa mtaani ulifute ili “ifanye kazi”, usimsikilize. Microsoft nayo imeandika wazi katika maelekezo yake kwamba mafaili ya PST ya Outlook hayakuundwa kutumiwa kupitia mtandao. Programu za kusawazisha folda haziponyi ugonjwa huu pia: zikikuta faili moja limebadilishwa pande mbili, hubakiza matoleo mawili na kukuachia wewe uamuzi, na hakuna binadamu atakayeyaunganisha kwa mkono matoleo mawili ya faili la gigabaiti tatu.

Katika miaka ya 1990 mwanahisabati Daniel J. Bernstein, mwandishi wa programu ya qmail, alikuja na dawa ninayoiona kuwa ya kijanja kuliko zote: kuishi bila kufuli. Katika muundo wake wa Maildir kila barua ni faili lake, lenye jina ambalo halirudiwi, kwa kuwa hutungwa kutokana na saa, namba ya kazi inayoendeshwa na jina la kompyuta. Barua huandikwa kwanza kwenye folda ya muda. Ikikamilika ndipo huhamishiwa kwenye folda ya barua mpya, na kuhama huko ni tendo moja lisilo na nusu: ama limetokea, ama halijatokea. Hata alama ya “imesomwa” ni herufi tu mwishoni mwa jina la faili. Kasoro yake ni kwamba herufi hizo hutanguliwa na nukta mbili, alama ambayo Windows haikubali kabisa katika jina la faili. Kwa kompyuta nyingi za nyumbani, dawa hiyo inaishia mlangoni.

Jibu lililoshinda lilikwisha kuanza huko Stanford mwaka 1986, na lilitoka kwa Mark Crispin. Badala ya kuuliza jinsi kompyuta mbili zitakavyogusa faili moja, yeye alizizuia zote mbili zisiliguse. Ni kama daftari la madeni dukani: mteja haandiki mwenyewe, humwambia muuzaji, na kalamu iko mkononi mwa muuzaji peke yake. Itifaki hiyo ni IMAP. Seva ndiyo inayolishika sanduku. Kompyuta zinaomba tu. “Nipe vichwa vya barua hizi.” “Weka alama kwamba nimeisoma.” Kila barua ina namba yake ndani ya folda, namba zinapanda na hazirudiwi, kwa hiyo hakuna mjadala ni barua ipi inayozungumzwa. Mwaka 1997 iliongezwa amri ya kukaa mkao wa kusubiri, ili seva iiarifu kompyuta barua mpya inapoingia bila kuulizwa kila dakika.

POP, ndugu yake mkubwa wa mwaka 1984, ilikuwa na kazi nyingine: kuchukua barua, kuzipeleka kwenye mashine ya mwenyewe, na kwa kawaida kuzifuta kwenye seva. Ilifaa zama za kuunganishwa kwa simu na diski ghali. Katika nyumba yenye kompyuta mbili inagawa barua kama karata, na zile ulizotuma hubaki kwenye mashine uliyotumia kutuma.

Kwa familia nyingi, basi, kazi yote ni kubadilisha akaunti kutoka POP kwenda IMAP kwenye kila kompyuta, kisha kuziburuta barua za zamani kutoka folda za ndani hadi folda za akaunti mpya. Anayetaka barua zikae nyumbani anaweza kuchukua kompyuta ya zamani na kuiwekea Dovecot, seva ya bure aliyoianzisha Mfini Timo Sirainen mwaka 2002. Faida yake ni ya kweli kwetu tunaonunua intaneti kwa bando: kiambatisho kikishaingia, kompyuta zote hukisoma kupitia ruta bila kugusa bando tena. Seva ipewe anwani isiyobadilika, na usiifungulie mlango kutoka nje ya nyumba. Lakini pia kuna masasisho, joto na umeme unaokatika, na kwa maoni yangu asiyependa kazi hizo amwachie mtoa huduma wake.

Jambo moja msilisahau. IMAP inasawazisha, haihifadhi: barua iliyofutwa sebuleni imefutwa na chumbani. Kabla hamjahamisha chochote, fungeni programu za barua kwenye kompyuta zote mbili, nakilini folda zake zima zima kwenye diski ya nje, na diski hiyo muichomoe kwenye kompyuta ndipo muanze.