UZI: Mbuta, nyuklia na hilo neno "salama"

1/ Tangu mjadala wa kinu cha nyuklia utoke Uyombo kule Kilifi ukafika Siaya, kando ya Ziwa Victoria, kuna kambi mbili. Moja: "Ni salama kabisa!" Nyingine: "Samaki wote watakufa!" Zote zinaruka swali lenyewe. Hebu twende Uswidi kidogo, tutarudi.

2/ Aprili 26, 1986, kinu cha Chernobyl, Ukraine, kililipuka. Upepo ulibeba vumbi lenye mionzi zaidi ya kilomita 1,000. Kulikonyesha Uswidi, mvua ililiteremsha misituni na ziwani. Shida kubwa ikawa sesiamu-137, ambayo huchukua karibu miaka 30 kupungua kwa nusu.

3/ Samaki hawakuisha. Waliendelea kuogelea na kuvuliwa, sesiamu ikiwa mwilini. Mwili huipokea kama potasiamu, madini unayoyahitaji. Bahari ina potasiamu tele, maji baridi yana kidogo, kwa hivyo samaki wa ziwani hubeba sesiamu zaidi.

4/ Sasa fuata nani anakula nani: vijidudu, samaki wadogo, halafu wawindaji kama paiki (kwetu ungesema mbuta). Mionzi hupanda ngazi hiyo polepole. Wadogo walipoanza kupungukiwa, wawindaji bado walikuwa wanapanda. Kwa hivyo kupima mara moja na kutangaza "tuko sawa" ni mchezo tu.

5/ Siasa iko wapi? Kwa kiwango. Mwanzoni Uswidi ilisema chakula kisizidi bekereli 300 kwa kilo. Mwaka 1987 ikapandisha hadi 1,500 kwa samaki wa maji baridi, nyama ya pori, uyoga na kadhalika. Samaki ni yule yule. Kilichobadilika ni karatasi.

6/ Na si lazima iwe njama. Hoja ilikuwa kwamba Mswidi wa kawaida hula vyakula hivyo mara chache, na kiwango kikali kingeua riziki za watu, wakiwemo wafugaji wa Kisami. Lakini anayekula kila siku si "wa kawaida." Yeye aliambiwa apunguze.

7/ Turudi nyumbani. Tuseme ukweli: kinu kinachoendeshwa vizuri si Chernobyl. Lakini kwa familia nyingi za ufuoni, samaki si chakula cha Krismasi. Ni riziki, ni ada ya shule, ni ugali wa leo.

8/ Kwa hivyo mtu akikuambia "salama" kwa baraza, muulize:
– Salama kwa anayekula samaki mara ngapi kwa wiki?
– Nani atapima mbuta, kwa miaka mingapi, na matokeo yatabandikwa wapi?
– Soko likifungwa, mvuvi atalipwa na nani?

Sayansi hupima hatari. Nani aibebe, hiyo ni siasa, na maswali huulizwa kabla ya msingi kuchimbwa.