Shilingi Zinazolala Nairobi

Tuseme mfanyabiashara wa Kau, kule Mto Ozi unapokaribia kumwaga maji yake Kipini, ameuza maembe na mchele akapata shilingi 100,000. Ameziweka benki. Benki hiyo haiwezi kuzigeuza zote kuwa mikopo, kwa sababu sheria inaipa Benki Kuu ya Kenya mamlaka ya kudai sehemu ya amana za kila benki iwekwe kwake, bila kulipa riba. Tangu Februari 2025 sehemu hiyo, iitwayo akiba ya lazima, ni asilimia 3.25. Katika laki moja ya Kau, basi, shilingi 3,250 zinakwenda kulala Nairobi.

Zinabaki 96,750. Benki inamkopesha mtu anayetaka injini ya mashua. Muuza injini wa Malindi analipwa na kuzipeleka benki yake, nayo inatoa asilimia 3.25 na kukopesha zilizosalia. Mzunguko ukiendelea bila kukatika, laki moja ya mwanzo huzaa amana za zaidi ya shilingi milioni 3. Hakuna noti mpya iliyochapishwa; kilichoongezeka ni tarakimu katika hesabu za benki, na tarakimu hizo hununua injini vilevile. Akiba ya lazima ingekuwa asilimia 4.25, kama ilivyokuwa kabla ya Februari 2025, amana zingeishia takriban milioni 2.35.

Hivyo ndivyo wanafunzi wa uchumi wanavyofundishwa, na hesabu haina kosa. Ila pesa hazitembei hivyo. Mkulima hutoa hela kwa wakala wa simu, akawalipa vibarua noti mkononi, na noti hizo huzunguka dukani na sokoni muda mrefu bila kuiona benki. Kila noti iliyobaki mfukoni imetoka katika ule mzunguko. Tena benki haingoji amana ndipo ikopeshe: ikimwamini mteja, humwandikia mkopo katika akaunti yake papo hapo, kisha ndipo itafute akiba ya kutosha, hata kwa kukopa kwa benki nyingine. Kinachoifunga mikono mara nyingi ni mtaji wake, bei ya pesa, na hofu ya kutolipwa.

Hofu hiyo katika delta ya Tana, iliko Kau, ina sababu. Maji ya chumvi yanayopanda kutoka baharini yameharibu mashamba ya mpunga na miembe. Afisa wa mikopo anayejua hilo hatalegeza masharti kwa sababu tu Nairobi imemwachia asilimia moja.

Machi 2020, korona ilipoingia, Benki Kuu ilishusha kiwango cha akiba kutoka asilimia 5.25 hadi 4.25, na shilingi bilioni 35.2 zikaachiwa mabenki. Ni fedha nyingi. Lakini kuziachia ni jambo moja, kumfikia mkopaji ni jingine, maana benki ina mteja mwingine asiyejua chumvi wala ukame: Serikali. Hati za Hazina, ambazo Serikali huziuza ili kukopa, hulipa riba nzuri, na benki hailazimiki kumfuata mtu hadi mji wa Garsen, huko deltani, kudai marejesho. Mimi naona hapo ndipo punguzo la akiba hupotelea zaidi.

Kubana mikopo ni rahisi kuliko kuisukuma. Mwaka 2011 shilingi iliporomoka na mfumuko wa bei ukakaribia asilimia 20. Mwishoni mwa mwaka huo kiwango cha akiba kilipandishwa kutoka asilimia 4.75 hadi 5.25, sambamba na riba ya Benki Kuu iliyofikia asilimia 18. Benki iliyokwisha kukopesha haiwezi kujadiliana na agizo la namna hiyo. Akiba hiyo hupimwa kwa wastani wa mwezi, kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata, na pengo lazima lizibwe: kwa kukopa ghali kwa wenzake, kwa kuuza hati, au kwa kumwambia mwombaji mkopo asubiri. Wa kwanza kusubirishwa ni yule wa mbali, mwenye shamba lisilo na hatimiliki na mavuno yanayotegemea mto.