Njia za miguu za Ufipa bado zasubiri wageni

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

ABIRIA anayeshuka kwenye basi mjini Sumbawanga, baada ya safari ndefu kupitia Mbeya na Tunduma, kwa kawaida huulizia gari la kwenda mbele: Namanyere, Mpanda au Kasanga. Ni nadra kumsikia anayeulizia njia ya miguu, ingawa mji huu umezungukwa na njia hizo kila upande.

Sumbawanga, jina ambalo wenyeji hulifafanua kuwa ni "tupa uchawi", upo katika mwinuko wa takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Kaskazini mwake ipo milima ya Mbizi, inayopanda zaidi ya mita 2,000. Sehemu kubwa ya uwanda wa Ufipa ni nyasi tupu, hivyo anayepanda Mbizi huona mabadiliko ghafla: anatoka kwenye upepo na mashamba ya mahindi, anaingia kwenye msitu wa ubaridi ambamo huishi mbega wekundu, wanyama waliomo katika hatari ya kutoweka.

Ng'ambo ya milima hiyo ardhi huporomoka. Ziwa Rukwa lipo karibu mita 800 tu kutoka usawa wa bahari, na anayeteremka kuelekea Muze hushuka takriban mita 1,000, akiuacha ubaridi nyuma na kuingia kwenye joto la bonde. Njia hizi hazikuchongwa kwa ajili ya matembezi. Ni za watu wanaopandisha samaki na mchele. Mwaka 1880 msafiri Mskochi, Joseph Thomson, aliliona ziwa hilo akiwa juu ya miinuko hii na kulipa jina la mfalme wa Ubelgiji, utadhani halikuwa na jina.

Kwa mwenye baiskeli, uwanda wenyewe ndio unaofaa zaidi, kwa kuwa vilima vyake ni vya mviringo na macho hufika mbali. Huko ndiko yanakopatikana malungu, matanuru marefu ya udongo ambamo Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma bila kutumia mivuo, wakitegemea hewa iliyoingia yenyewe kupitia matundu ya chini. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuru dogo, safari hii kwa mivuo. Baadhi ya malungu bado yamesimama porini, yakinyeshewa mvua na kupitiwa na moto wa nyika.

Tatizo ni kwamba hakuna anayelipwa kwa kuvitunza vitu hivi. Kwa mwanakijiji wa kandokando ya Mbizi, msitu ni kuni na ardhi ya kulima. Hajaona senti ya mgeni aliyekuja kuwatazama mbega. Lushoto, mkoani Tanga, hali ni tofauti. Huko, tangu miaka ya 1990, wageni hutembea kijiji hadi kijiji katika milima ya Usambara wakiongozwa na vijana wa hapohapo, na sehemu ya malipo hurudi vijijini. Hawakuanza na hoteli kubwa, bali na njia zilizokuwapo na watu wanaozijua.

Rukwa yenyewe ina mfano wa karibu. Maporomoko ya mto Kalambo, mpakani na Zambia, yenye urefu wa zaidi ya mita 200, yanasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na mgeni anajua aende wapi na amlipe nani. Malungu hayana mlango wa namna hiyo.

Anayetaka kutembea asisubiri vibao. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili na njia huteleza. Miezi mizuri ni Mei hadi Agosti, ingawa Juni na Julai baridi ya asubuhi inahitaji koti zito. Apite kwanza ofisi ya misitu kuomba kibali cha kuingia Mbizi, kisha ajitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji na kukubaliana malipo na kijana wa kumwongoza kabla ya kuanza kupanda.