Simu inaponguruma redioni: Kipi cha kuhofia na kipi si cha kuhofia

IWAPO umewahi kuacha simu juu ya redio, bila shaka unaijua sauti hii: tr-tr-tr, tr-tr-tr, kisha mngurumo, na sekunde chache baadaye simu yenyewe inalia. Mjini Nkubu utaisikia kwenye duka la wakala wa M-Pesa, ndani ya matatu ya kwenda Chuka, na hata kanisani mhubiri anapokaribia maikrofoni akiwa na simu mfukoni. Aliyevaa hedifoni huisikia kwa ukali zaidi, kana kwamba inatoka ndani ya kichwa chake.

Kwa sababu hiyo, wako wanaoamini kwamba wakiisikia sauti hiyo, ubongo unachomwa. Wengine, hasa wazee wanaotumia shimesikio, yaani kile kifaa kidogo cha kusaidia kusikia, huchoshwa na kelele hizo wakakivua na kukifungia kabatini. Msomaji, hofu hiyo ya kwanza haina msingi. Hili la pili ndilo lenye madhara.

Sauti hutoka wapi?

Simu huwasiliana na mnara kwa mawimbi ya redio. Mtandao wa kizazi cha pili, yaani 2G, ambao ulienea nchini kuanzia mwaka wa 2000 na ambao simu za kabambe hutumia, una mawimbi yanayotikisika takriban mara milioni 900 au milioni 1,800 kwa sekunde. Sikio la binadamu husikia mitikisiko kati ya 20 na 20,000 kwa sekunde. Kwa hivyo mawimbi yenyewe huwezi kuyasikia kamwe.

Lakini simu ya 2G haitumi mawimbi mfululizo. Fikiria watu wanane wanaoteka maji kwenye mfereji mmoja, kila mmoja akijaza kikombe kimoja na kumpisha mwenzake. Simu nane hugawana njia moja hivyo hivyo. Yako hutuma, hunyamaza, hutuma tena, mara 217 kila sekunde. Idadi hiyo sasa imo ndani ya uwezo wa sikio.

Waya wa hedifoni au wa spika hunasa mawimbi hayo kama eriali. Amplifaya, ambayo kazi yake ni kukuza sauti, huyageuza mapigo hayo 217 kuwa umeme mdogo na kuukuza kama inavyokuza muziki. Unachosikia basi ni amplifaya iliyodanganyika. Huanza kabla ya simu kulia kwa sababu mnara huiita simu kwanza, nayo hujibu ndipo ilie. Huweza kusikika pia unapotuma arafa au pesa, na hata simu ikiwa imetulia, kwa kuwa kila baada ya muda huujulisha mnara mahali ilipo.

Mbona nyumbani kelele ni kubwa kuliko sokoni? Simu iliyo karibu na mnara hupunguza nguvu zake. Iliyo mbali, au iliyofichwa na kilima, huziongeza hadi wati 2. Katika miteremko ya Mlima Kenya, yenye mabonde na mito mingi, nyumba iliyo bondeni inaweza kupata mngurumo ambao haupo barabarani. Mtandao wa 3G, ulioanza nchini mwaka wa 2008, hautumi kwa zamu za namna hiyo, nao wa 4G hutumia nguvu ndogo zaidi, takriban moja ya tano ya wati. Ndiyo maana wenye simu mpya huisikia kelele hii kwa nadra, hadi pale simu inaporudi kwenye 2G.

Je, mwili unaumia?

Mngurumo si kipimo cha madhara. Simu hutoa mawimbi yale yale, kuwe na redio karibu au kusiwe. Mawimbi haya hayana nguvu ya kuvunjavunja chembechembe za mwili kama eksirei; athari yao inayojulikana ni joto dogo, na viwango vya kimataifa vimewekwa ili joto hilo lisidhuru. Mwaka wa 2011, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliyaweka katika kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani, kwa kuwa ushahidi ulikuwa haba. Uchambuzi wa tafiti nyingi, ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka wa 2024, haukupata uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo.

Kwa hakika, anayezungumza kwa hedifoni hupunguza mawimbi yanayofika kichwani, kwa sababu simu iko mbali naye. Hatari halisi ni sauti ya juu. Ukiongeza sauti ili kuushinda mngurumo, unaumiza chembe laini za sikio la ndani ambazo hazioti tena. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75.

Kwa mwenye shimesikio

Shimesikio ni maikrofoni, amplifaya na spika ndani ya kidude kimoja, na mwenyewe huisogezea simu hadi karibu kuigusa. Mngurumo unaweza kuyafunika maneno yote. Tatizo hili linajulikana: mwaka wa 2003 serikali ya Marekani iliagiza kampuni za simu zitengeneze simu zinazopatana na vifaa hivi.

Mzazi wako akilalamika, usimwambie avumilie, wala usimwache akivue. Mwambie aigeuze simu kidogo au aiinue juu ya sikio, kwani sentimita mbili tatu huleta tofauti. Akishindwa, atumie spika ya simu akiishika mbali na sikio. Mkienda kununua simu, avae kifaa chake na aijaribu kwa kupiga palepale dukani. Ukiona alama M3, M4, T3 au T4 kwenye kijisanduku chake, hiyo imepimwa kwa ajili yake. 4 ni bora kuliko 3. Mngurumo ukizidi, arudi kwa mtaalamu wa masikio. Huenda kifaa kinahitaji kurekebishwa tu, na vya kisasa vina kinga bora kuliko vya zamani. Mzee asiyesikia huacha kupiga simu, kisha huacha kwenda mikutanoni, na wataalamu wamehusisha hali hiyo na upweke na kudhoofika kwa kumbukumbu.

Kwa mwenye kifaa cha moyo

Waliowekewa kifaa cha kudhibiti mapigo ya moyo wana sababu halisi ya kujihadhari. Wasiweke simu katika mfuko wa shati juu ya kifaa hicho. Iwe mbali kwa sentimita 15 au zaidi, na waipokee kwa sikio la upande mwingine. Hedifoni pia zina sumaku. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka wa 2008 ulionyesha kwamba zikikaribia kifaa kwa chini ya sentimita 3 zinaweza kukivuruga. Wasizining'inize kifuani baada ya kuzivua.

Kwa sisi wengine, dawa ni kuisogeza simu. Mawimbi hupungua upesi kadiri yanavyokwenda mbali: ukiongeza umbali mara mbili, nguvu hubaki robo. Mita moja kutoka kwenye redio mara nyingi hutosha.