Homa za Kigeni: Sampuli Nayo Yahitaji Mlinzi

Atokaye Lilongwe kwa barabara kuu iendayo kaskazini hufika Lumbadzi kabla safari haijamchosha. Mji huo ni mdogo, lakini unalinda milango miwili mikubwa ya Malawi. Wa kwanza ni mlango wa anga, yaani Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kamuzu. Wa pili ni mlango wa barabara, kwa kuwa mbele yake, katika wilaya ya Dowa, iko kambi ya Dzaleka, ambayo zamani ilikuwa gereza na tangu mwaka 1994 imekuwa makao ya wakimbizi kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko. Kambi iliyokusudiwa watu wapatao 10,000 leo ina watu zaidi ya 50,000, na Kiswahili husikika humo sokoni, makanisani na kwenye foleni ya zahanati.

Katika milango yote miwili mtu wa kwanza kukutana na mgeni, mara nyingi, si daktari. Ni askari. Ndiyo maana leo twaandika kuhusu jambo ambalo wengi hulidhani ni la waganga peke yao: siku akipatikana mtu anayeshukiwa kuwa na homa ya virusi ya hatari, damu yake itafikaje maabara, nani ataibeba, na askari afanye nini jibu linaposubiriwa? Twasema tangu mwanzo kwamba maswali hayo yapasa kujibiwa kabla mgonjwa hajapatikana. Akishapatikana, muda wa kupanga umekwisha.

MACHO HAYATOSHI

Homa zinazozungumzwa hapa ni kama Ebola, Marburg, Lassa na homa ya Krimea na Kongo. Zote huanza kwa namna ambayo haimshtui mtu: joto la mwili, kichwa kuuma, viungo kulegea, kutapika na kuharisha. Kutokwa na damu, ambako watu wengi hukungojea kama dalili kuu, huja baadaye, na kwa wagonjwa wengi hakuji kabisa. Malaria nayo huanza hivyo hivyo. Homa ya matumbo pia. Mtu mwenye homa pale Dzaleka, katika siku ya kawaida, yaelekea zaidi kuwa ana malaria.

Kwa hiyo yapo makosa mawili ya kuepukwa. La kwanza ni kumpuuza mgonjwa kwa kudhani ni malaria tu. La pili ni kumtangaza kuwa ana Ebola kabla ya kupimwa, na kuwatia hofu watu maelfu bila sababu. Kinachotuokoa na makosa yote mawili ni kipimo.

Mfano wa kosa la kwanza haukutokea mbali. Mwezi Septemba mwaka 2008 mgonjwa mmoja alisafirishwa kwa ndege kutoka Lusaka, Zambia, hadi Johannesburg, bila mtu kutambua ana ugonjwa gani. Alifariki. Baadaye mhudumu aliyemsindikiza ndani ya ndege akaugua. Akaugua muuguzi, na mfanyakazi wa usafi, na muuguzi wa pili. Katika watu hao 5 walifariki 4. Ni hapo tu sampuli zilipopimwa, na ikaonekana kuwa ni virusi ambavyo sayansi ilikuwa haijavijua. Vikaitwa Lujo, kwa herufi za mwanzo za Lusaka na Johannesburg.

Tulinganishe na mambo ya mwaka 2014. Nchini Guinea ugonjwa ulianza kuua watu mwezi Desemba 2013, lakini maabara za Ufaransa zilithibitisha kuwa ni Ebola mwezi Machi 2014. Miezi hiyo mitatu ililigharimu bara letu: kabla ya janga kwisha, Afrika Magharibi ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 28,000 na vifo zaidi ya 11,000. Julai mwaka huo huo, msafiri kutoka Liberia alitua Lagos akiwa mgonjwa. Daktari Ameyo Stella Adadevoh alimshuku, akakataa kumruhusu aondoke hospitalini ingawa alishinikizwa, na sampuli ikapimwa mjini humo humo. Daktari huyo aliambukizwa akafariki, lakini katika jiji lile la mamilioni ya watu, na Nigeria nzima, wagonjwa waliishia 20 na vifo 8.

SAFARI YA CHUPA MOJA

Tangu zamani safari ya sampuli imekuwa sehemu ngumu ya kazi hii. Mwaka 1976, watu walipokuwa wakifa Yambuku, Zaire, damu ya mtawa mmoja ilipelekwa Ubelgiji katika chupa ya chai, mkononi mwa abiria wa ndege. Ilipofunguliwa mjini Antwerp, barafu ilikuwa imeyeyuka na mojawapo ya vichupa viwili imevunjika. Kilichobaki ndicho kilichosaidia kugundua Ebola. Leo hapana anayeruhusiwa kusafirisha namna hiyo.

Utaratibu wa sasa waweza kueleweka na askari yeyote. Kwanza, mhudumu wa afya anayemshuku mgonjwa humtenga, kisha hupiga simu kwa wakuu wa afya wa wilaya na wa taifa kabla ya kutoa damu. Wao humuuliza: mgonjwa alitoka wapi katika siku 21 zilizopita? Alimuuguza au alimzika nani? Aliingia pangoni au kugusa mzoga? Siku 21 ndizo muda mrefu kabisa ambao virusi vya Ebola na Marburg hukaa mwilini kabla ya homa kuanza.

Pili, damu hutolewa na mtu aliyefunzwa, aliyevaa mavazi kamili ya kujikinga, na huwekwa katika kichupa chenye dawa ya kuizuia isigande. Tatu, hufungashwa mara tatu: kichupa kisichovuja huzungushiwa kitu cha kufyonza maji, hutiwa katika chombo cha pili kisichovuja, nacho hutiwa katika kasha gumu la nje. Kasha la namna hiyo hupimwa kwa kuangushwa kutoka urefu wa mita 9, na halipaswi kuvuja. Nne, huandamana na karatasi zenye utambulisho wa mgonjwa na siku homa ilipoanza, na kila mwenye kulipokea hutia saini.

Siku homa ilipoanza ni habari kubwa kuliko inavyodhaniwa. Damu iliyotolewa kabla ya siku tatu za ugonjwa kupita yaweza kuonyesha kwamba hakuna virusi, kumbe vimo lakini bado ni vichache. Hapo kipimo hurudiwa. Tena jibu la “hakuna” hutegemea kilichoulizwa: kipo kipimo cha haraka kinachotambua Ebola ya aina ya Zaire peke yake, nacho kisingeweza kuitambua Ebola ya aina ya Sudan iliyoingia Mubende, Uganda, mwezi Septemba 2022. Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Aina ya Zaire ina chanjo na dawa zilizoidhinishwa. Aina ya Sudan na Marburg bado zinafanyiwa majaribio.

Kutoka Dzaleka hadi Lilongwe ni kilomita 40 hivi. Kutoka Lumbadzi, iwapo sampuli yahitaji kuthibitishwa nje, ndege yaweza kuifikisha Johannesburg, ambako iko maabara yenye ulinzi wa daraja la nne, daraja la juu kabisa. Malawi yenyewe inakumbuka thamani ya maabara za mbali. Mtoto mmoja wa Lilongwe alipooza mwezi Novemba 2021. Uchunguzi uliofanywa Afrika Kusini na Marekani ulionyesha kuwa ni polio ya asili, yenye nasaba na virusi vya Pakistan, na ikatangazwa Februari 2022. Virusi vilisafiri bila pasi, na ni maabara iliyotaja vilikotoka.

Lakini maabara iliyo karibu ni bora zaidi. Mkoa wa Kagera, Tanzania, ulipovamiwa tena na Marburg mwaka 2025, sampuli ilipimwa katika maabara ya Kabaile mkoani humo, kisha ikathibitishwa Dar es Salaam. Ugonjwa ulitangazwa Januari 20 na kumalizika Machi 13.

KAZI YA ASKARI

Sasa twaja kwa wasomaji wetu wenyewe. Mwezi Novemba 2014, nchini Guinea, majambazi waliisimamisha teksi karibu na Kissidougou na kuwaibia abiria mali zao. Kati ya vilivyoibwa kulikuwa na begi la barafu lenye sampuli za damu iliyoshukiwa kuwa na Ebola. Sampuli hiyo ilikuwa imepakiwa pamoja na abiria wa kawaida, bila gari lake na bila mlinzi. Serikali ililazimika kuwasihi wezi kwa redio. Hapa hakuna haja ya maneno mengi: gari la sampuli lahitaji askari, njia ijulikane, na vizuizi vyote viarifiwe ili lisicheleweshwe. Askari wa kizuizini hafungui kasha. Hukagua karatasi na kuliruhusu. Likipata ajali, huwazuia watu wasisogee na huita wahusika.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Agosti 2014, askari na polisi wa Liberia waliufunga mtaa wa West Point, Monrovia, kwa waya na silaha. Wananchi wakaghadhibika, risasi zikalia, na kijana wa miaka 15 akapoteza maisha. Baada ya siku kumi amri ikaondolewa. Tangu siku ile wengi wamejifunza kwamba bunduki haiwezi kumtoa mgonjwa chini ya kitanda alikofichwa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ila watu huficha kwa sababu wanaogopa. Mkimbizi wa Dzaleka akiamini kwamba kusema “nina homa, na ndugu yangu amefika juzi kutoka Kivu” kutamletea pingu au kurudishwa alikotoka, atanyamaza, na kipimo bora kuliko vyote kitabaki kabatini. Kwa hiyo askari amwambie kwa upole, na kwa Kiswahili ikiwezekana: “Mama, huna kosa. Tunasubiri jibu, na utatibiwa wakati tunasubiri.” Na neno hilo liwe kweli: mgonjwa aletewe maji, chakula na matibabu, na jamaa zake waelezwe alipo. Ikumbukwe pia kwamba kushukiwa si kuthibitishwa. Jina la mgonjwa halitajwi kilabuni.

Jambo la tatu lawahusu askari wanaotoka katika kazi za kulinda amani. Majeshi ya Malawi na Tanzania yamehudumu bega kwa bega Kongo ya mashariki, na yamezika pamoja. Novemba 2018, karibu na Beni, Chancy Chitete wa Malawi alikufa akimwokoa mwenzake Mtanzania aliyejeruhiwa, na mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ukamtunukia nishani. Siku zile Beni ilikuwa na maadui wawili, waasi na Ebola. Na mwezi huo huo mashambulizi yalisimamisha kwa muda shughuli za kuupiga vita ugonjwa. Janga lile liliua watu 2,287 kabla ya kumalizika mwaka 2020. Mlinzi aliyelinda njia ya wapimaji aliokoa watu ambao hatawajua kamwe.

Askari anayerejea kutoka nchi yenye ugonjwa hesabu yake ni siku 21. Homa ikimpata ndani yake, asijitibu kwa vidonge vya malaria kambini akanyamaza. Amwarifu tabibu wa kikosi kwa simu, ataje alikokuwa, na akae mahali pake hadi aje mtu aliyejikinga. Kufanya hivyo si woga, ni nidhamu ile ile inayomfanya aripoti risasi iliyopotea.

Twashauri, basi, kwamba kila kituo kilicho njiani kati ya Dzaleka, Lumbadzi na Lilongwe kiwe na karatasi moja ukutani: namba ya afisa wa afya wa wilaya, jina la afisa wa zamu atakayetoa msindikizaji, njia itakayofuatwa, na mahali pa kumkabidhi mpokeaji. Karatasi hiyo isomwe kila zamu inapobadilishana, na ijaribiwe kwa kasha tupu mara kwa mara, kama tunavyojaribu king'ora cha moto.