Chicago Ikitoka Nje

Mwezi wa Januari mtu wa Chicago anaweza kumaliza wiki nzima bila kujua kama jirani yake ni mzima. Upepo wa Ziwa Michigan unakata uso, theluji inafunika magari, na aliyejichimbulia nafasi ya kuegesha gari lake mbele ya nyumba huweka pale kiti kibovu cha jikoni ili ieleweke kuwa nafasi ina mwenyewe. Sheria haimtambui. Majirani wanamtambua, na hilo linatosha. Majira ya joto yakifika, viti hutolewa tena, safari hii kwenda bustanini, na kazi yake haijabadilika sana: alfajiri ya tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, utavikuta vimepangwa chini ya miti mizuri, vinalinda nafasi ya ukoo ambao wengi wao bado wamelala.

Kiangazi cha mji huu ni kifupi na kina kalenda yake. Huanza Ijumaa iliyo kabla ya Memorial Day, ile Jumatatu ya mwisho wa Mei, fukwe za ziwa zinapofunguliwa kwa waogaji. Huisha Labor Day, Jumatatu ya kwanza ya Septemba, waokoaji wanaposhuka kwenye viti vyao virefu na kwenda zao. Joto likiendelea baada ya hapo, ni bahati tu, halimo kwenye hesabu. Kati ya tarehe hizo mbili watu hujaribu kuuishi mwaka mzima: harusi, michango ya makanisa, mikutano ya koo, mashindano ya mpira, muziki wa bure kila jioni mahali fulani. Anayelala mapema mwezi wa Julai huonekana ama mgonjwa ama mgeni.

Mgeni kutoka pwani yetu, aliyezoea kuona hoteli zikijenga kuta hadi kwenye mchanga, jambo la kwanza litakalomshangaza ni kwamba ufuko ni wa kila mtu. Ukanda wa ziwa una urefu wa maili 26, kama kilomita 42, na karibu wote ni bustani na fukwe za umma. Unaweza kupanda baiskeli maili 18 pembeni ya maji bila mtu kukuuliza unakwenda kwa nani. Haya hayakuja kwa ukarimu wa matajiri. Mwaka 1836, mji ukiwa bado kijiji cha matope, maofisa waliandika kwenye ramani kwamba kipande cha ardhi kando ya ziwa kibaki wazi daima, bila jengo wala kizuizi. Baada ya moto mkubwa wa 1871 vifusi vya mji ulioungua vilimwagwa ziwani, ardhi ikaongezeka, na kila mwenye mipango akaitamani. Mfanyabiashara Aaron Montgomery Ward, aliyetajirika kwa kuuza bidhaa kwa katalogi na posta, akayashika yale maneno ya ramani na kwenda nayo mahakamani. Alishitaki, akashitaki tena, tangu 1890 hadi 1911, huku wakubwa wenzake wakimwona mkaidi anayezuia maendeleo. Bustani ya Grant Park ipo leo kwa sababu ya ukaidi huo.

Tangu hapo, kushitakiana juu ya ardhi ya wazi kumekuwa mila ya mji. Mwaka 2016 George Lucas, mtengeneza filamu, aliondoa mpango wake wa kujenga jumba la makumbusho kando ya ziwa baada ya chama cha kutetea bustani kwenda kortini. Hata Barack Obama, mwana wa mji kwa makazi na wa Kenya kwa upande wa baba, hakusalimika: kituo chake kilichopangwa ndani ya Jackson Park kilishitakiwa mwaka 2018, na ujenzi ukaanza mwaka 2021 tu. Wapo wanaosema watu hawa wa bustani wanapinga kila kitu. Huenda. Ila mji usio na watu wa namna hiyo huamka siku moja ukakuta uwanja wake wa mpira umegeuka kituo cha mafuta.

Bustani zenyewe ni zaidi ya 600, na karibu zote ziko chini ya mamlaka moja iliyoundwa mwaka 1934 kwa kuunganisha bodi 22 zilizokuwa zikifanya kazi kila moja kivyake. Nyingi zina kitu ambacho mji huu unajivunia kukianzisha: jumba la bustani. Mwaka 1905, upande wa kusini wenye viwanda na machinjio, zilifunguliwa bustani ndogo ndogo za mitaa, na katikati ya kila moja nyumba yenye ukumbi wa mazoezi, chumba cha kusomea na mabafu, kwa kuwa wahamiaji kutoka Ulaya waliopangishwa vyumba vya giza hawakuwa na pa kuogea. Leo mabafu si hoja tena. Jumba limebaki kuwa mahali pa mtoto kujifunza kucheza ngoma, bibi kushona, na vijana kugombea mpira wa kikapu mpaka taa zizimwe. Kiangazi shule zikifungwa, majumba hayo huendesha kambi za mchana za watoto kwa ada inayopungua kwa wenye kipato kidogo. Kila mzazi anayefanya kazi anaijua asubuhi ya usajili: unakaa mbele ya kompyuta, dakika inapofika unabonyeza, na nafasi za bustani maarufu zimekwisha kabla chai haijapoa. Chakula cha mchana cha bure nacho hutolewa katika baadhi ya shule kwa mtoto yeyote wa umri wa mwaka 1 hadi 18, na haulizwi karatasi.

Lakini utaratibu wa serikali ni nusu tu ya habari. Nenda Washington Park Jumapili ya Julai, upande wa kusini, ukaone nusu nyingine. Moshi wa mkaa unaanza kuonekana kabla hujafika. Kuna mbavu za nguruwe, kuku na soseji, na mzee mmoja ambaye haruhusu mtu mwingine kushika koleo. Ukoo mzima umevaa fulana za rangi moja zenye jina la familia na mwaka, vile sisi tunavyoshona sare za kitenge kwa ajili ya harusi. Wengi wa hawa ni wajukuu wa watu waliopanda treni kutoka Mississippi na majimbo mengine ya kusini, kati ya mwaka 1916 na 1970, wakikimbia mashamba ya pamba na vitanzi. Kwa hiyo mkutano wa ukoo si pikiniki tu. Mtoto aliyezaliwa ghorofani anaonyeshwa shangazi wa babake aliyekuja kwa basi kutoka kusini, anaambiwa huyu ni nani kwako, na anatakiwa akumbuke. Baadaye unapigwa muziki na wote, wazee kwa watoto, wanasimama mistari kucheza hatua zilezile. Mikutano mingine hukua mpaka hushindwa kurudi ndani ya familia: ule wa ma-DJ wa muziki wa house, Chosen Few, ulianza mwaka 1990 kama kusanyiko la jamaa na marafiki nyuma ya jumba la makumbusho katika Jackson Park, na sasa huvuta watu kwa maelfu.

Jumamosi ya pili ya Agosti huwa ni zamu ya watoto. Gwaride la Bud Billiken lilianzishwa mwaka 1929 na Robert Sengstacke Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, kwa ajili ya watoto waliokuwa wakiuza gazeti lake. Linapita barabara ya Martin Luther King mpaka Washington Park, na vikundi vya wapiga ngoma na wanenguaji vilivyofanya mazoezi tangu majira ya baridi hupata siku yao. Likipita hilo, kila mtoto anajua shule imekaribia.

Ukitoka bustanini ukaingia mtaani, utakutana na mabango. Mwanzoni mwa mitaa mingi ya kusini na magharibi vipo vibao vya chama cha wakazi wa kipande kile cha barabara: karibuni, halafu orodha ndefu ya marufuku. Usioshe gari. Usipige muziki wa sauti kubwa. Usicheze mpira kwenye majani. Usizurure. Mabango haya huchekesha, maana yanakukaribisha kwa mkono mmoja na kukufukuza kwa mwingine. Yana historia yake: vyama hivyo vilienea wakati wa uhamiaji kutoka kusini, kwa kuhimizwa na asasi kama Chicago Urban League, na wenye nyumba weusi walijua kwamba usafi wa uwanja wao ungetumiwa ama kuwasifu ama kuwasema. Walioandika marufuku hayo ndio haohao ambao mara moja kwa mwaka huyavunja yote. Wanakwenda kwa diwani wa kata yao, mmoja kati ya madiwani 50 wa mji, kuomba kibali; barabara inafungwa kwa vizuizi; halmashauri inaweza kuwaletea puto kubwa la watoto kurukaruka; na kuanzia asubuhi hadi usiku lami inakuwa uwanja wa mpira, wa kucheza na wa kula. Jirani aliyekuwa akikupungia tu mkono kwa miezi minane, leo unamjua jina.

Mwenye njaa njiani atamkuta Mmeksiko na kigari chake cha mahindi. Mahindi ya huko hupakwa mayonezi, yakanyunyiziwa jibini kavu na pilipili ya unga. Aliyelelewa kwa mahindi ya kuchoma yenye ndimu ataona huu ni ufujaji, mpaka aonje. Hadi mwaka 2015 wauzaji hawa walikuwa wakifukuzwa na polisi kama machinga wetu. Ndipo baraza la mji likapitisha kanuni za kuwapa leseni.

Si kila kumbukumbu ya kiangazi ina moshi wa nyama. Tarehe 27 Julai 1919 kijana mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alikuwa akielea ziwani na wenzake karibu na mtaa wa 29. Wakavuka mpaka ambao haukuandikwa popote, kati ya maji ya weusi na maji ya weupe. Mzungu mmoja akawarushia mawe, Williams akazama, polisi akakataa kumkamata mrusha mawe. Ghasia zilizofuata ziliua watu 38, weusi 23 na weupe 15. Maji yale yalikuwa ya umma kwa sheria; wakati huohuo, mazoea yaliyagawa. Hata leo ukitembea ufuo wote kutoka kaskazini hadi kusini utaona rangi za watu zikibadilika, ingawa hakuna anayezuiwa. Wapo pia walioamua kuweka alama yao wazi wazi. Jirani na Humboldt Park, Wapuerto Riko walisimamisha mwaka 1995 bendera mbili za chuma juu ya barabara ya Division, ndefu kama jengo la ghorofa tano, ili asiwepo atakayesema hakujua ni mtaa wa nani.

Mwaka huohuo wa 1995 joto liliua. Tarehe 13 Julai lilifika nyuzi 41, na unyevu ukalifanya lionekane zaidi. Watoto walifungua mabomba ya zimamoto kwa maelfu ili wapoe, mpaka baadhi ya mitaa ikakosa maji. Wiki ile watu 739 walikufa zaidi ya kawaida, wengi wao wazee wanaoishi peke yao, madirisha yamefungwa kwa hofu ya wezi. Mwanasosholojia Eric Klinenberg alilinganisha mitaa miwili jirani, yote maskini, yote yenye wazee wapweke: North Lawndale na South Lawndale. Kiwango cha vifo cha ule wa kaskazini kilikuwa karibu mara kumi ya kile cha kusini. Kusini kulikuwa na maduka ya Wameksiko, barabara zenye watu, sababu ya mzee kutoka nje na mtu wa kumsalimu akipita. Kaskazini viwanja vilikuwa vimebaki vitupu, na mzee alibaki ndani. Fimbo ya mbali haiui nyoka: ambulansi za mji zilikuwepo, jirani hakuwepo. Tangu hapo halmashauri hufungua vituo vya kupoa, na simu 311 hupokea maombi ya kwenda kumwangalia mzee asiyeonekana. Nadhani hiyo ndiyo maana halisi ya zile sherehe za mtaani. Mtu uliyekula naye mwezi wa Juni, akikosekana Julai, utamuulizia.

Ndiyo maana yananikera yanayofanywa na mji siku hizi kwenye bustani zake kubwa. Grant Park, ile ya Ward, huzungushiwa uzio kila mwaka kwa tamasha la Lollapalooza lenye tiketi za bei kali. Na tangu 2022, kijana wa chini ya miaka 18 haruhusiwi Millennium Park baada ya saa kumi na mbili jioni, Alhamisi hadi Jumapili, bila mtu mzima. Amri hiyo ilitoka baada ya mtoto wa miaka 16 kuuawa kwa risasi pale, na hofu ya wazazi ni ya kweli. Ila kijana anayefukuzwa bustanini haendi kulala.

Kaskazini mwa mji, Rogers Park na jirani zake, siku hizi utasikia Kiswahili cha Kongo kwenye vituo vya basi. Kwa ndugu hao na wengine mtakaofuata: fukwe hazina kiingilio, lakini muwaandikishe watoto masomo ya kuogelea kwanza, na mkiona bendera nyekundu msiingie majini, hata ziwa likionekana limetulia. Usajili wa kambi za kiangazi hufunguliwa mapema, majira ya kuchipua. Bustani za magharibi ya barabara ya California siku yake, za mashariki siku yake. Jueni yenu iko upande gani, na siku hiyo muwe na intaneti ya uhakika.