Filamu Fupi na Vijana wa Wote

Zama filamu zilipokuwa hazitengenezwi ila kwa mitambo ya thamani kubwa na mafundi waliosomea kazi hiyo, kijana wa Wote, makao makuu ya kaunti ya Makueni, hakuwa na nafasi katika sanaa hiyo isipokuwa ya mtazamaji. Lakini tangu simu ya mkononi ilipotiwa kamera, udhuru wa gharama umepungua nguvu, na Tume ya Filamu ya Kenya imeandaa shindano la filamu fupi zinazopigwa kwa simu, liitwalo My Kenya My Story. Kadhalika, tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo, ambalo asili yake ni mwaka 1959, limeitia filamu miongoni mwa fani zake, hata mwanafunzi wa Makueni aweza kupanda na kazi yake ngazi kwa ngazi mpaka fainali za taifa.

Katika mashindano ya namna hii ndimo filamu za majaribio zipatamo wasaa wa kuonekana. Aghalabu watu hudhani kuwa filamu ya majaribio ni ile isiyofahamika, na dhana hiyo si ya insafu, kwani maana yake ni kuwa mtungaji ameiacha kwa makusudi njia iliyozoeleka ya kusimulia kisa tangu mwanzo hadi hatima, akajaribu kusema kwa sauti pasipo maneno, au kwa kuupindua mpango wa wakati. Ufupi humpa ujasiri huo, maana filamu ya saa mbili ikiharibika imeangamiza mali ya watu, bali ya dakika tano ikiharibika, mwenyewe huanza upya.

Ithibati tunayo katika Pumzi, filamu ya Wanuri Kahiu wa Kenya iliyotoka mwaka 2009, ambayo kwa dakika zipatazo 21 tu, na kwa maneno machache mno, inatuonyesha dunia iliyokaukiwa baada ya vita vya kugombea maji, watu wakiishi ndani ya jengo lililofungwa na kusafisha hata jasho lao wapate kunywa, mpaka Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapotoroka ili akapande mche. Na mwaka 2010 ilionyeshwa katika tamasha la Sundance, Marekani.

Basi ni nani aijuaye kiu hiyo kuliko watu wa Ukambani, ambako ndiko Makueni iliko? Kijana akiiweka simu yake kando ya shimo lililochimbwa katika mchanga wa mto mkavu, asiikatize picha, akatuacha tuyatazame maji yakijikusanya taratibu, kata ikikwaruza chini, jerikani ikijaa kwa kitambo kirefu na punda akingoja, amekwisha kutueleza habari ya kiangazi bila kuhutubu.

Kwa hiyo twawasihi majaji wasiupime ubora wa kazi kwa wangavu wa picha peke yake, kwani huo hununuliwa dukani, bali waangalie pia ni nini mtungaji amethubutu kukijaribu. Na walimu na wazee wa Wote nao wakubali kuketi wazitazame kazi za vijana wao hadharani, washindi na walioshindwa pamoja, kwa kuwa msanii hujifunza mengi kwa hadhira yake.